RUDOLF DIESEL (1858–1913): MUTU MWENYE ALIPATA MOTO NDANI YA HEWA



Katika kurasa zetu za maisha ya watu wakubwa, mara hii tunawaletea habari za mutu mwenye jina lake linatajwa kila siku katika inchi yetu, lakini wengi hawajui kama ni jina la mutu. Katika garaji, kwenye bandari, karibu na grupu ya umeme, watu wanasema motere ya dizeli. Jina hilo ni la Rudolf Diesel, injenieri Mujerumani, mwana wa fundi wa ngozi. Alizaliwa Paris, akasoma kwa taabu, akapata utajiri mwingi, kiisha usiku mumoja akapotea katika bahari.

Habari zake zinatuhusu sisi pia. Mwenye kukaa katika milima yetu anajua vita ya asubui ya kamyo ya zamani. Shofere anazungusha ufunguo, motere inalia polepole mara mbili tatu, kiisha kimya. Watoto wanaitwa kusukuma. Kama ndani ya gari kuna mama wa kupelekwa hospitali, hilo si jambo la kucheka hata kidogo. Watu wanasema mazutu ni mabaya, au gari imezeeka. Mara nyingi kosa liko kwa batri, sababu ilichaguliwa bila kupima. Mwenye kujua namna Diesel alifikiri motere yake, ataelewa sababu ya taabu hiyo na dawa yake.

1. UTOTO WAKE

Rudolf alizaliwa Paris tarehe 18 mwezi wa tatu mwaka 1858. Wazazi wake, Theodor na Elise, walikuwa watu wa Bavaria, katika Ujerumani, waliokwenda Ufaransa kutafuta kazi. Baba alikuwa akitengeneza vitu vya ngozi. Hawakuwa matajiri. Mutoto alimusaidia baba yake kupeleka mizigo kwa wanunuzi, na alipopata nafasi alikwenda kutazama mitambo katika nyumba ya makumbusho ya Conservatoire des Arts et Métiers, karibu na kwao. Mule ndani kulikuwa gari ya mvuke ya Cugnot, iliyotengenezwa mbele ya mwaka 1800.

Mwaka 1870 vita ilianza kati ya Ufaransa na Prussia. Wajerumani wenye kukaa Paris wakalazimishwa kuondoka. Jamaa ya Diesel ikakimbilia London, na huko maisha yakawa magumu zaidi. Wazazi wakamutuma Rudolf peke yake, mutoto wa miaka 12, kwenda Augsburg, muji wa asili wa baba yake. Akapokelewa na jamaa zake wa nyumba ya Barnickel. Bwana Barnickel alikuwa mwalimu wa hesabu, naye akamuingiza katika masomo ya ufundi.

Basi kijana huyu alikuwa mukimbizi mbele ya kuwa mwanafunzi. Wengi kati yetu tunajua maana yake.

2. MASOMO

Katika Augsburg Rudolf alishika masomo kwa nguvu. Alipokuwa na miaka 14 aliandikia wazazi wake barua kwamba anataka kuwa injenieri. Mwaka 1873 alimaliza masomo ya kwanza akiwa wa kwanza katika darasa. Wazazi walitaka aanze kazi upesi kusudi asaidie nyumba. Lakini mwaka 1875 akapata bursi ya kusoma katika chuo kikubwa cha ufundi cha Munich, naye akaipokea hata kama wazazi hawakupenda.

Huko akafundishwa na profesa Carl von Linde, bingwa wa mashini za kutengeneza baridi na barafu. Linde aliwafundisha wanafunzi kwamba mashini ya mvuke inapoteza karibu joto lote la makaa. Katika sehemu kumi za joto, labda moja tu inageuka kuwa kazi. Sehemu zingine zinatoka kwa bomba na kupotea hewani. Neno hilo lilimuingia Rudolf moyoni. Aliliandika pembeni ya daftari yake kama jambo la kuchunguza, wala hakulisahau tena.

Mwaka 1879, wakati wa mitihani ya mwisho, ugonjwa wa tifoidi ukamushika. Wenzake wakapata diploma, yeye akabaki kitandani. Alipopona hakukaa bure. Akaenda Uswisi, katika kiwanda cha Sulzer huko Winterthur, kujifunza kazi ya mikono. Mwezi wa kwanza mwaka 1880 akafanya mutihani wake na kushinda kwa maksi za juu sana.

Kiisha masomo Linde akamupa kazi ya mashini za barafu katika Paris. Mwaka 1883 akaoa binti mumoja jina lake Martha Flasche, na Mungu akawapa watoto watatu. Mwaka 1890 wakahamia Berlin. Muchana Diesel alifanya kazi ya kampuni. Usiku alifanya hesabu ya wazo lake.

3. WAZO LAKE

Mutu anayetaka kuelewa wazo hilo ashike pompi ya velo. Afunge mulango wa hewa kwa kidole, kiisha apompe kwa nguvu. Chini ya pompi patakuwa moto. Hakuna mutu aliyewasha kiberiti. Hewa ikibanwa upesi inapata joto yenyewe. Inasimuliwa kwamba Diesel aliona wakati wa masomo kifaa kidogo cha kuwasha moto namna hiyo. Unasukuma kijiti ndani ya bomba upesi, na kitambaa kidogo kilichowekwa ndani kinawaka.

Motere ya esansi inavuta hewa pamoja na esansi, inabana kidogo, halafu buji inatupa cheche. Diesel akawaza: tubane hewa peke yake, tuibane sana mpaka ipate moto mukali. Hapo tutie mafuta kidogo kidogo, nayo yatawaka bila buji. Katika motere nyingi za mazutu za zamani, hewa inabanwa mpaka inabaki sehemu moja juu ya 18 au 20 ya ukubwa wake wa kwanza, na joto lake linapita digri 500. Motere ya namna hii inatoa kazi nyingi kwa mafuta machache.

Mwaka 1892 akaomba hati ya serkali ya kulinda uvumbuzi wake, akaipata mwaka 1893. Mwaka huohuo akatoa kitabu cha kueleza hesabu zake. Mabingwa wengine walisema haiwezekani, hakuna chuma cha kuvumilia nguvu kama ile. Lakini kiwanda cha mashini cha Augsburg na kiwanda cha Krupp wakakubali kumusaidia kwa feza na mafundi.

4. KAZI YA AUGSBURG

Motere ya kwanza ilikuwa na urefu wa karibu metre 3, na silinda moja tu. Tarehe 10 mwezi wa nane mwaka 1893 wakaijaribu. Mafuta yalipoingia yakawaka kwa kishindo kikubwa, na kifaa cha kupima kikapasuka. Motere haikuendelea kuzunguka. Lakini Diesel alikuwa amejua jambo moja: moto unaweza kuwaka kwa sababu ya hewa iliyobanwa peke yake. Wakarudi kazini, wakabadilisha pistoni na vali, wakapima tena.

Hapa tushike neno moja, kwa sababu litatusaidia mbele. Motere ile haikuweza kuanza yenyewe. Ilizungushwa na mushipi murefu uliotoka kwa mashini zingine za kiwanda. Tarehe 17 mwezi wa pili mwaka 1894, walipokuwa wakiijaribu, mushipi ukaonekana kubadilika. Sasa haukuwa ukivuta motere tena, bali motere ndiyo ilikuwa inauvuta. Inasimuliwa kwamba fundi mumoja alivua kofia yake bila kusema neno, na Diesel akamushika mukono. Motere ilizunguka peke yake karibu dakika moja, mizunguko 88 kwa dakika.

Walitumika tena miaka mitatu. Tarehe 17 mwezi wa pili mwaka 1897 Diesel akamuita profesa Moritz Schröter wa Munich apime motere mupya mbele ya watu. Hakutaka kujipima mwenyewe. Profesa akapata kwamba motere ya nguvu za farasi karibu 20 inageuza sehemu 26,2 juu ya mia za joto la mafuta kuwa kazi. Kwa nguvu ya farasi moja katika saa moja ilikula gramu 238 tu za petroli. Hesabu za kitabu zilikuwa zimeahidi zaidi. Lakini hakuna motere ingine duniani iliyofika pale. Motere hiyo inalindwa katika Deutsches Museum huko Munich.

5. UTAJIRI NA TAABU

Nyuma ya kipimo kile, viwanda vya inchi nyingi vikanunua ruhusa ya kutengeneza motere ya Diesel. Katika Marekani mununuzi alikuwa Adolphus Busch, mutengenezaji wa pombe. Kwa muda mufupi Diesel akawa mutu wa mamilioni. Akajenga nyumba kubwa sana katika Munich.

Mwaka 1900, katika Maonyesho makubwa ya Paris, motere yake ikapata zawadi ya juu. Pale kampuni ya Otto ya Ufaransa ilionyesha motere ndogo ya dizeli iliyotumika kwa mafuta ya karanga. Serkali ya Ufaransa ilitaka kujua kama inchi za Afrika zenye karanga zinaweza kupata nguvu kutoka mashamba yao wenyewe. Diesel alilipenda wazo hilo, na miaka ya mwisho ya maisha yake aliandika juu yake. Jambo hilo lilifika Kongo pia. Mwaka 1937 Mubelgiji Chavanne, wa chuo kikubwa cha Bruxelles, alipata hati ya kugeuza mafuta ya mimea kuwa mafuta ya motere. Mwaka 1938 basi moja ilitembea kati ya Bruxelles na Louvain kwa mafuta yaliyotoka kwa mawese.

Meli zikaanza kutumia motere za Diesel. Mwaka 1903 meli Vandal ya Urusi ilitembea nazo katika muto Volga. Mwaka 1912 Selandia ya Danemark ikavuka bahari kubwa.

Lakini mutu mwenyewe hakuwa na amani. Kazi nyingi ilimuharibu afya, mpaka mwaka 1898 akalala katika nyumba ya matunzo. Watu wakamushitaki juu ya hati yake, wakisema wazo si lake. Motere zingine zilizouzwa upesi mbele ya kutengenezwa vizuri ziliharibika, na lawama ikamurudilia. Tena alitia feza zake katika biashara za mafuta ya petroli na mashamba ya kujengea nyumba. Nyingi zikapotea. Karibu mwaka 1908 ulinzi wa hati yake ukaisha, na kila kiwanda kikaweza kutengeneza motere bila kumulipa. Yule mwenye kupima gramu za petroli kwa uangalifu, hakupima vile feza za nyumba yake. Kwa inje nyumba ilingaa. Kwa ndani madeni yaliongezeka.

6. SAFARI YA MWISHO

Jioni ya tarehe 29 mwezi wa tisa mwaka 1913 Diesel alipanda meli Dresden kwenye bandari ya Anvers, bandari ileile ambako meli za Kongo zilikuwa zikiondoka. Alikuwa akienda Uingereza kwa mambo ya kiwanda cha motere. Alikula chakula cha jioni pamoja na wenzake wawili. Karibu saa ine ya usiku akawaaga, akaomba aamushwe saa kumi na mbili na robo asubui.

Asubui chumba chake kilikuwa bure. Kitanda hakikulaliwa, nguo za kulalia zilikuwa tayari juu yake. Kofia na koti lake zilipatikana inje, kwenye sakafu ya meli. Siku kumi nyuma, mashua moja ya Hollande ikaona maiti katika bahari. Wakatoa vitu vidogo katika mifuko, wakarudisha maiti katika maji. Mutoto wake Eugen alipoonyeshwa vile vitu akatambua kwamba ni vya baba yake.

Wengine walisema aliuawa, wengine walisema alianguka. Wengi wanafikiri kwamba alijitupa mwenyewe, kwa sababu hali ya feza ilikuwa mbaya sana, na katika daftari yake ya siku tarehe ile ilikuwa na alama ya musalaba. Alikuwa amemuachia muke wake mufuko wenye mark 20.000, ambazo zilikuwa karibu feza yote iliyobaki. Alikuwa na miaka 55.

7. NAMNA MOTERE ILIINGIA NDANI YA KAMYO

Diesel hakuona kamyo ya mazutu ikiuzwa sokoni. Motere za wakati wake zilikuwa nzito sana, tena ziliwashwa kwa chupa kubwa za hewa yenye nguvu. Gari haikuweza kubeba hayo yote. Katika miaka 1923 na 1924 viwanda vya Benz na MAN vya Ujerumani vikatoa kamyo za kwanza za mazutu. Mwaka 1927 kiwanda cha Bosch kikaanza kutengeneza kwa wingi pompi ndogo ya kusukuma mafuta. Mwaka 1936 Mercedes-Benz wakauza gari ndogo ya mazutu, 260 D.

Sasa ni nani atazungusha motere asubui, kama mushipi wa kiwanda cha Augsburg hauko? Ni demarere, yaani motere ndogo ya umeme. Katika Marekani, Cadillac ziliwekewa demarere ya Charles Kettering tangu mwaka 1912. Na demarere inakula umeme wa batri. Batri ya risasi na asidi ilivumbuliwa na Mufaransa Gaston Planté mwaka 1859, katika Paris. Ni muji uleule alimozaliwa Rudolf, na mutoto alikuwa bado na mwaka mumoja tu! Mwaka 1881 Camille Faure akaiboresha kwa kupaka risasi ya unga juu ya bamba.

Basi tuone taabu ya asubui. Motere ya mazutu haina cheche. Moto wake wote unatoka kwa hewa iliyobanwa upesi. Wakati wa baridi, chuma cha silinda kinaiba joto la hewa ile. Mafuta ya motere yanakuwa mazito kama asali, kwa hiyo kuzungusha ni kugumu. Kama pistoni zimeisha, hewa inatoroka kando. Motere ikizunguka polepole, joto linapata nafasi ya kutoroka, na mazutu hayawaki, yanatoka moshi mweupe tu. Kwa milima mirefu hewa yenyewe ni kidogo. Na batri nayo inazaifika kwa baridi: kwa digri 0 inapoteza karibu sehemu moja juu ya tatu ya nguvu zake. Kwetu si kama Ulaya, baridi haifiki pale mara nyingi. Lakini batri iliyo nusu na motere iliyozeeka zinasikia hata baridi ya Lubero au ya Masisi.

8. KUCHAGUA BATRI

Mutu akitumwa kununua batri kwa gari ya zamani ya mazutu, asitazame rangi wala bei tu. Aangalie mambo haya:

(1) Volti. Kamyo nyingi zinatumia volti 24, maana yake batri mbili za volti 12 zinazofuatana, chanya ya moja kwa hasi ya ingine. Hapo volti zinaongezwa, ampere hazibadiliki. Gari zingine za volti 12 ziko na batri mbili zilizofungwa bega kwa bega, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi. Hapo ampere zinaongezwa, volti hazibadiliki. Asome kwanza gari yake.

(2) Ampere za kuwasha. Juu ya batri kuna namba mbili. Moja ni Ah, yaani akiba ya umeme. Ingine ni A peke yake, kwa mufano 680 A au 900 A: ni nguvu yenye batri inaweza kutoa kwa muda mufupi katika baridi ya digri 18 chini ya sifuri. Kwa motere ya mazutu, namba hii ya pili ndiyo ya kutazama sana. Isiwe chini ya ile mutengenezaji wa gari aliyoomba. Ikizidi, haiharibu kitu, kwa sababu demarere inachukua tu kile inachohitaji. Batri ya gari ndogo ya esansi ina bei nafuu, lakini kwa motere ya mazutu ni kupoteza feza.

(3) Kazi yake. Batri ya taa za jua si batri ya gari. Ina bamba nene, inatoa umeme polepole kwa saa nyingi. Batri ya gari ina bamba nyembamba nyingi, inatoa umeme mwingi kwa ghafula. Mwenye kubadilisha kazi zao ataharibu zote mbili.

(4) Tarehe ya kutengenezwa. Batri iliyokaa dukani mwaka muzima bila kuchajiwa imeanza kufa, hata kama kartoni yake inangaa.

(5) Kipimo. Aombe kupima mbele ya kulipa. Batri iliyojaa na kupumuzika inaonyesha karibu volti 12,6 au 12,7. Ikionyesha 12,0 iko karibu tupu. Kiisha kuifunga katika gari, mutu mumoja azungushe ufunguo na mwingine atazame kipimo. Batri ya volti 12 ikishuka chini ya 9,5 hivi, na ilikuwa imejaa vizuri, ni zaifu.

(6) Batri mbili zibadilishwe pamoja, ziwe za namna moja na umri mumoja. Iliyozeeka inavuta mupya katika kaburi lake.

(7) Mambo ya pembeni. Ukubwa wake uenee kwa mahali pake, na vichwa viwe upande unaofaa. Ifungwe imara, kwa maana barabara zetu zinatikisa bamba mpaka zinavunjika. Nyaya ziwe nene, vichwa vyake visafishwe. Mara nyingi batri nzima inalaumiwa, kumbe ni waya wa masi wenye kutu. Mashini ya kuchaji itoe kati ya volti 13,8 na 14,4, mara mbili kwa gari ya volti 24. Batri yenye vifuniko iongezwe maji yaliyosafishwa tu, si maji ya kisima. Wala mutu asilete sigara au kiberiti karibu, kwa sababu hewa inayotoka pale inalipuka.

Gari nyingi za zamani ziko na buji za kupasha joto. Shofere angoje zipate moto mbele ya kuzungusha. Kama moja imekufa, batri itafanya kazi ya bure. Na asishike ufunguo dakika nzima. Sekunde 10 zinatosha, halafu apumuzishe batri kidogo.

9. FUNZO KWETU

Wandugu, mutu huyu alipewa akili nyingi, naye alizitumia. Vita ilimufukuza, umasikini ulimubana, ugonjwa ulimuangusha siku ya mutihani, lakini aliendelea. Motere yake ikapasua kipimo, akatengeneza ingine. Alipofika mwisho wa kazi akamuita mutu mwingine apime, akakubali namba ile iliyopatikana, hata kama ilikuwa chini ya hesabu zake. Hapo alikuwa mukubwa kweli.

Alianguka pale alipoacha kupima. Hakutaka kutazama feza zake kama zilivyo, wala hakuwaambia wenzake hali yake. Alificha mpaka usiku ule wa Anvers. Tungependa mutu kati yetu mwenye kubeba muzigo mukubwa namna ile autaje kwa mwenzake, kwa mwalimu au kwa muzazi, mbele ya kupanda meli yake.

Leo kamyo zinazoleta chumvi na kubeba maharagwe yetu, meli nyingi za muto na mashini za hospitali nyingi zinatumika kwa wazo la mukimbizi yule wa miaka 12. Kila asubui zinaomba mukono wa kuzianzisha, kama ile ya Augsburg ilivyoomba mushipi. Basi shofere wetu akituma mutu sokoni kununua batri, mutu huyo achukue kipimo cha volti mufukoni, asome namba ya ampere, aulize tarehe. Kiisha mama mugonjwa atafika hospitali kwa saa yake, na sisi tutaingia darasani bila kusukuma.